Vipiri Waliokwisha Kuuma

Damaski, 12 Mfunguo Mosi, mwaka wa 640 wa Hijra

Kwa dada yangu wa tumbo moja, Munisa,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, isipokuwa mgongo kidogo, na huo mgongo nimeuumiza katika kazi ya heshima, utaisikia. Je, wewe hujambo? Miguu imeacha kuvimba? Shemeji Ghanimu hajambo, na ulimi wake haujambo? Mbuzi je? Shayiri ya huko Hauran imeshaanza kuinamisha kichwa?

Dada, kama umesimama na mtungi kichwani, utue kwanza.

Mdogo wako, huyu huyu aliyetoroka chuo cha baba kabla ya kumaliza juzuu ya Amma, jana amekaa mkeka mmoja na matabibu wa Maristani ya Makomamanga, ile hospitali kubwa ya mji huu. Mkeka mmoja, nasema, siyo mlangoni kwenye viatu.

Kazi yangu ya kila masika unaijua. Nawatoa vipiri kwenye mawe ya Laja, nawaleta maristani, wanakatwa kichwa na mkia, nyama inachemshwa, inapondwa na mizizi na asali na afyuni, mpaka inakuwa tiriaki, ile dawa ya kila sumu. Na siri yetu ya kazi unaijua pia, usimpe mtu: nikifika lango la mji nawapa wote pande la sufu waliume, mmoja mmoja, mpaka meno yakauke. Ndivyo alivyonifundisha mwalimu wangu, naye alifundishwa na wake, kwa sababu walinzi wa lango nao wana watoto. Basi nikipita soko la viungo na kipiri shingoni, wanaume na ndevu zao wanasoma Ayatul Kursi, nami natembea kama mkwe wa sultani.

Sasa mwaka huu mzee anayeleta nyoka wa kujaribia dawa amekwenda kuhiji. Msimamizi wa maristani akakuna kichwa. Nikamwambia, "Bwana, na hawa wangu je? Kwani hawa ni mikufu?" Akakubali. Wakaketi wote uani, pamoja na mkaguzi wa soko na mizani yake. Jogoo akalishwa tiriaki mpya, kisha kipiri wangu akawekwa pajani pake, akauma kweli kweli. Tukangoja. Kama jogoo angekufa, dawa yote ya mwaka ingemwagwa mtoni. Jogoo akajikung'uta, akamfukuza kuku jike mpaka kwenye chemchemi. Mkaguzi akasema Alhamdulillahi, akagonga muhuri.

Wamenipa kichupa kimoja kama hidaya. Nakipeleka kwako na Kulaibu mwenye nyumbu. Mtu akiumwa, mpe kiasi cha dengu moja katika maji ya asali ya vuguvugu. Mwambie Ghanimu, yule ambaye mimi nikisema jua limechomoza hutoka nje kwanza kuangalia, safari hii asiniamini mimi. Auamini muhuri.

Mdogo wako,
Mufarriji, mkamata nyoka wa matabibu


Hauran, 26 Mfunguo Mosi

Kwa mdogo wangu Mufarriji,

Waaleikum salaam warahmatullah. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Miguu yangu imepungua tangu nianze kulala nimeiegesha kwenye gunia. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mgongo wako uukande kwa mafuta ya moto, na upunguze kujivuna, nako ni mzigo.

Kichupa kimefika salama. Ghanimu alikifungua, akanusa, akaniambia, "Mke wangu, ndugu yako amepata kamasi ya ngamia, akaitia asali." Nikamwambia atazame muhuri. Akaugeuza juu chini, akasema yeye si mtu wa maandishi. Lakini nilimwona amekitia kifuani, akaondoka kuelekea kwa imamu.

Aliporudi alikuwa na mwendo mwingine. Akakaa mlangoni. "Munisa," akasema, "imeandikwa kweli. Imejaribiwa mbele ya mkaguzi." Kisha akasema, "Kumbe shemeji yangu ni mtu."

Tangu anioe sijawahi kumsikia akisema "shemeji yangu" pasipo kucheka puani. Nikatoka nikajifanya nakwenda kuwatazama mbuzi, maana machozi yalinijia.

Unajua baba yake aliondokaje, katika ngano, mkono umekuwa mweusi mpaka begani, na Ghanimu amemshika kichwa. Ndiyo maana hakuna mtu mwoga wa nyoka katika Hauran yote kama mume wangu, ingawa kwa mengine ni simba. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimcheka kwa zile ngozi anazojifunga miguuni wakati wa mavuno, na ile fimbo ya kupiga kila mganda kabla ya kuushika. Sasa ngozi ameziangika ukutani. Fimbo nimemwona akichochea nayo moto. Anaingiza mikono katika shayiri kama mtu anayeosha vyombo. Na anaimba, Mufarriji. Sauti ni mbaya, lakini sikujua kama anayo.

Wavunaji kutoka vijiji vya jirani wamesikia habari ya kichupa, wanakuja kuomba kazi shamba letu. Wanasema kwetu ndiko kwenye amani. Ghanimu anawaonyesha muhuri kabla ya kuwaonyesha shamba.

Mungu akulipe. Umemtua mume wangu mzigo ambao mimi nilishindwa kuutua.

Dada yako,
Munisa


Damaski, 9 Mfunguo Pili

Dada Munisa,

Asalaam aleikum. Natumaini nyote hamjambo, na hao mapacha wa mbuzi wananyonya. Mimi sijambo, lakini ni sijambo ya mtu aliyeanguka kutoka paani: mifupa ipo, akili bado imebaki juu.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Sikiliza haya.

Juma lililopita walikuja maafisa wa ghala la jeshi. Wanataka tiriaki ya askari, ila kwanza waione ikifanya kazi. Msimamizi akaniita, "Mufarriji, lete mashujaa wako." Nikaleta. Nimevaa kanzu ya Idi, nimejipaka marashi ya waridi, maana nilijua nitatazamwa. Ua limejaa matabibu na wanafunzi wao, wagonjwa wanaojiweza wameegemea nguzo, na wale wa chumba cha wenye wazimu wamefunguliwa dirisha wapate kuburudika.

Basi kwa kujionyesha nikafungua mfuko kwa mkono mmoja. Kipiri mmoja akateremka kama maji, akapita kati ya miguu ya afisa, huyo jikoni.

Mpishi wa wagonjwa ni mama mmoja anaitwa Turfa, mkubwa wa mwili na wa sauti. Alikuwa amemfunga jogoo kwenye mguu wa meza, wa supu ya adhuhuri. Tulipoingia tulimkuta kipiri ananing'inia pajani mwa jogoo.

"Mufarriji, mwana wa hasara," akasema Turfa, "supu ya wagonjwa wangu unaitia sumu?"

"Mama, samehe, utapata jogoo mwingine."

"Wapi, kwa mamako?"

Tukangoja jogoo afe. Matabibu nao wakaingia, wakajipanga ukutani, kila mmoja akimfundisha mwanafunzi wake dalili zitakazofuata: sasa bawa litalegea, sasa jicho litafumba. Jogoo akatutazama. Akadonoa punje. Akanya. Akawika.

Afisa akacheka, akasema, "Wallahi, hii dawa ina nguvu."

Tabibu Yaishi hakucheka. Huyo ndiye mkuu wao, mtu mkavu kama fito, akitembea husikii viatu. Akamwuliza Turfa polepole, "Huyu jogoo amelishwa tiriaki?"

"Tiriaki ya nini, bwana tabibu? Amekula makombo ya mkate na maganda ya tango."

Dada, ungewaona matabibu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wenye vilemba vikubwa waliangalia sakafu kama watoto waliovunja mtungi. Na mimi, mpumbavu wa mama yangu, nikadhani ni vipiri wangu wanaodharauliwa. Nikaona niwatetee.

"Waheshimiwa," nikasema, "hawa si nyoka wa kuchezewa. Ni wakali. Ila asubuhi walikwisha kuuma sufu pale langoni, ndiyo desturi yetu, kwa hiyo leo meno yamekauka sumu." Nikalitoa lile pande la sufu, nikaliinua juu kwa fahari. Lilikuwa bado lina umajimaji wa manjano.

Tabibu Yaishi akalishika kwa ncha za vidole. "Na mwezi uliopita?" akauliza. "Mbele ya mkaguzi?"

"Vilevile, bwana. Mimi si mtu wa kubadilibadili."

Akakaa juu ya gunia la unga la Turfa. Na Turfa hakumwambia kitu, ndipo nikajua kuna jambo.

Kesho yake alinituma nikalete vipiri ambao hawajauma chochote. Wakaletwa majogoo watatu. Mmoja akalishwa tiriaki yetu mpya. Wa pili akalishwa ile ya kale, iliyolala kwenye kasiki chini ya ghala tangu enzi za babu zao, ambayo hata wao huishika kwa udhu. Wa tatu hakulishwa kitu. Dada, walikufa wote. Aliyekula ya kale alikufa amesinzia vizuri, nadhani kwa ile afyuni. Na yule ambaye hakula kitu ndiye aliyekufa wa mwisho.

Tabibu Yaishi akasema, "Dawa hii nimewapa watu tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi." Wanafunzi wake, ambao huandika hata akikohoa, hawakuandika.

Basi ile tiriaki yenu mpakeni mbuzi mwenye upele, au Ghanimu aile na mkate akitaka ndoto nzuri. Nyoka haimjui. Mwambie ajifunge ngozi zake, na fimbo aitoe motoni. Akiumwa mguu, mfunge juu ya jeraha, mpasue, mvute damu kwa pembe. Akiumwa kidole, kikateni papo hapo kama wazee walivyofanya. Vidole anavyo vingi, na sijawahi kuona vikimfanyia kazi ya maana.

Mimi hapa sasa ni mtu mashuhuri zaidi ya jana. Mji mzima unajua jina langu. Usiniulize wanalitaja vipi.

Mdogo wako,
Mufarriji, mharibu dawa za matabibu


Hauran, 19 Mfunguo Pili

Kwa mdogo wangu Mufarriji,

Waaleikum salaam. Hatujambo. Mapacha wananyonya, mmoja ana kichwa kigumu kama chako. Shayiri tumeimaliza, sasa tumeingia ngano.

Barua yako niliwasomea wavunaji wakati wa chakula. Ningejua nisingefanya hivyo, maana ilibidi waache kula. Nilipofika kwa jogoo aliyekunya mbele ya matabibu, Jabala aliangukia kwenye bakuli la mtindi. Huyu Jabala ni mvunaji mmoja mrefu anayevunia upande wa Ghanimu. Kila siku sasa mmoja anauliza, "Wapi, kwa mamako?" na wote wanacheka upya.

Nikawaambia, jamani, mwisho wake ni onyo. Ghanimu akapangusa macho, akasema, "Mke wangu, humjui ndugu yako? Amesikia bei ya tiriaki imepanda, anataka kichupa kirudi." Mwingine akasema majogoo wa Damaski wamezoea kula vibaya, hawana nguvu. Na Ghanimu akamaliza, "Nikate kidole kwa sababu Mufarriji ameandika? Mufarriji aliwahi kutuandikia kwamba amekula meza moja na chui."

Hilo la chui uliliandika kweli.

Kisha likatokea jambo. Juzi Jabala aliumwa kisigino. Kipiri nilimwona kwa macho yangu, mnene, wa rangi ya mawe. Wote wakapiga kelele, Ghanimu akakimbia na kichupa, akampa kiasi cha dengu katika maji ya asali kama ulivyosema. Jabala akalala. Alasiri akaamka, akaomba mkate. Kisigino kina alama mbili tu, kama za mwiba. Leo amevuna.

Sasa wavunaji wanalala shambani, juu ya miganda, bila hata kuwasha moto. Nani atamwambia nini mtu kama Jabala?

Lakini mimi ni dada yako, nimekubeba mgongoni. Mzaha mzaha hutunga usaha. Usiku huu nimeisoma barua yako peke yangu, nikafika pale tabibu alipokaa juu ya gunia la unga, na sikuweza kucheka. Wewe huwezi kutunga hilo. Ungemwangusha ndani ya supu.

Nijibu mimi. Ulikuwa unatania?

Dada yako,
Munisa


Damaski, 25 Mfunguo Pili

Kwa dada yangu Munisa,

Asalaam aleikum. Natumaini mko wazima. Mimi ni mzima.

Sikutania. Yote yaliyotokea jikoni yalitokea.

Jabala aliumwa na kipiri aliyekwisha kuuma kitu kingine asubuhi ile, panya au ndege. Ni kama wangu walivyouma sufu. Hiyo ndiyo sababu anavuna. Siyo kichupa.

Jana waliletwa watu kutoka mashamba ya Ghuta na mvunaji mmoja, wamembeba juu ya ubao wa mlango. Ameumwa kwenye kifundo cha mguu. Ndugu zake walikuwa wamemleta mbio tangu alfajiri, wakampita mganga wa kupiga chuku na mwenye wembe, hawakusimama kwa yeyote, kwa sababu walijua maristani kuna tiriaki. Tabibu Yaishi aliwaambia haifai. Wakamshika kanzu. Wakalia. Wakamwambia, wewe unatunyima kwa sababu sisi ni wakulima. Akampa, kwa mkono wake. Mimi nilishika mguu.

Yule mtu alikuwa akiniuliza kama dawa imeanza. Aliuliza mara nyingi. Nikamwambia ndiyo, imeanza. Alikufa kabla ya alasiri.

Matabibu wamegawanyika. Wengine wanasema jogoo si mtu, na dawa isihukumiwe kwa kuku. Msimamizi amefunga ghala, lakini kilichokwisha kutoka na muhuri kimetoka. Mimi nimezuiwa kutoka mjini mpaka mkaguzi aamue kama ni mimi niliyeharibu jaribio. Ningekuja mwenyewe kwa miguu.

Msomee Ghanimu barua hii. Mwambie nimemletea kitu cha uongo bila kujua, na kwamba alikuwa na akili kuyashuku maneno yangu. Ajifunge ngozi. Apige miganda. Na akiumwa kidole, Munisa, ukate wewe, usimngoje mtu, usimpe nafasi ya kufikiri.

Hakuna mzaha ndani ya barua hii. Tafuteni, hamtauona.

Mdogo wako,
Mufarriji


Hauran, 7 Mfunguo Tatu

Kwa mdogo wangu Mufarriji,

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini wamekuachia, au angalau wanakulisha. Hapa tupo. Mwandiko wangu umekuwa mbaya, utausamehe, sababu utaiona.

Kulaibu alileta barua yako tukiwa tumebakiza shamba moja, lile la karibu na ukuta wa mawe. Nilimsomea Ghanimu mlangoni. Nilipomaliza akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akawa ameinamisha kichwa, anangoja.

"Uko wapi mzaha?"

"Haupo."

"Mwishoni. Chini ya jina. Huwa anaongeza kitu chini ya jina."

"Ameandika Mufarriji, basi."

Akakaa chini pale pale kwenye kizingiti. Akasema, "Basi anasema kweli." Kisha, "Mtu anasema kweli mara moja maishani mwake, na anachagua hii."

Aliangua ngozi ukutani, akajifunga. Nikamsaidia kamba. Akaenda kuwaambia wavunaji. Mimi nilifuata nyuma na maji, nikasikia yote.

Aliwaambia dawa ni bure, wavae viatu, wapige miganda. Wakamtazama. Mmoja akasema, "Mwenye shamba, kama kichupa kimebaki kidogo unataka kukiweka kwa ajili ya nyumba yako, sema." Jabala akainua mguu, akamwonyesha kisigino. "Na hiki je?" akasema. "Hiki nacho ni bure?" Ghanimu akaanza kueleza habari ya panya na sufu. Mufarriji, hukuwahi kuona mtu anavyochekwa. Wakamwambia amekuwa kama shemeji yake.

Hakukasirika. Alichukua fimbo, akawatangulia. Wao wanavuna pekupeku, yeye anapita mbele ya kila mmoja akipiga miganda, akipiga mawe, kama mchungaji wa watu wasiotaka kuchungwa. Nikamwambia, waache. Akasema, "Mimi ndiye niliyewavua viatu."

Ilikuwa miganda ya mwisho kabisa. Jabala aliinama kuuchukua mmoja ambao haujapigwa. Ghanimu akaupokonya kwa mkono. Miguu yake ilikuwa na ngozi, mkono ulikuwa mtupu. Kipiri alimshika kidole cha shahada, mkono wa kulia, akakishikilia.

Walikuja wote mbio na kichupa. Nataka ujue walimpenda, hawakuwa wabaya. Jabala alikuwa akilia. Walimlaza, wakamshika mabega, mmoja anamfungua mdomo kwa vidole, wengine wanasoma. Ghanimu ameuma meno, anatikisa kichwa huku na huku. Mkono wa kulia ulikuwa huru. Akaunyosha, akauweka juu ya jiwe la ukuta, akanitafuta kwa macho. Alipata kusema neno moja kati ya meno. Alisema, "Barua."

Mundu ulikuwa mkononi mwangu. Nilikata.

Sitakuhadithia zaidi ya hapo. Nilikuwa nikidhani nitapiga kelele, kumbe nilinyamaza. Waliopiga kelele ni wao.

Mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko, homa ikamshika, nikakaa naye nikimwangalia ngozi ya bega kama mtu anayengoja jua lichomoze upande usiofaa. Haukuwa mweusi. Homa ikashuka. Jana alikula dengu na vitunguu, akalalamika chumvi haikutosha. Leo aliswali ameketi. Katika tahiyatu aliinua mkono, akautazama, akasita, kisha akanyosha kile kidole kinachofuata.

Sasa sikiliza, maana mimi mwenyewe bado sijaelewa, nimekaa nimeduwaa mpaka leo.

Alipozimia pale shambani, Jabala alimpaka tiriaki kidogo kwenye midomo. Kidogo tu, kama mtu anavyompaka mtoto asali. Wavunaji wanasema hiyo ndiyo iliyomponya. Wote walikuwapo, Mufarriji. Waliuona mundu. Mmoja wao ndiye aliyekiokota kidole, akakifunga kwa kitambaa, akakizika chini ya ukuta. Na huyo huyo amesimama mlangoni kwangu akisema, Alhamdulillahi kwa ile dawa. Ghanimu amewaonyesha mkono. Wanautazama kwa adabu, wanasema pole, kisha macho yao yanarudi kwenye kichupa. Wamekuja watu wa kijiji cha pili, na cha tatu. Niliporudi kutoka kuteka maji nilikuta wamekwisha kuigawana, kila mtu na kipande chake katika jani, kama nyama ya akika, wanaondoka nayo wakiwa na furaha. Niliwafuata njiani, nikawaambia. Mwanamke mmoja akanishika bega, akasema, "Pole dada, umepata mshtuko."

Ni kweli nimeupata. Lakini siyo ule.

Ghanimu yuko hapa pembeni, anataka niandike maneno yake. Anasema, "Mwambie shemeji arudi kwenye uongo wake. Kweli yake moja imenigharimu kidole, sina vya kutosha." Anacheka mwenyewe. Alikuwa hajacheka tangu siku ile. Nimeandika kama alivyosema, ila mimi sikuweza kucheka naye. Nikishika kalamu, vidole vyangu vinakumbuka kitu kingine.

Idi iko mlangoni. Kondoo yupo, lakini mume wangu hawezi kushika kisu, nami kwa sasa sitaki kukishika. Wakikuachia, njoo uchinje wewe.

Njoo, Mufarriji. Usilete kitu.

Dada yako,
Munisa